Waridi la Jangwani na Birika la Akko

Ninaikumbuka vizuri siku moja ya kufunga shule, mwanangu, wakati mimi bado nilikuwa kijana. Usicheke. Ni mwaka juzi tu, ndiyo, lakini mtu akifika kidato cha tatu na ndevu zake zikaanza kuonekana akisimama karibu na dirisha, ana haki ya kusema "enzi za ujana wangu." Na wewe wa kidato cha kwanza, uliyekabidhiwa vyungu vya chama chetu cha mazingira, keti hapo nikueleze habari ya mizizi kabla hujatuulia kitu.

Siku hiyo Mwalimu Kinoti, yule wa baiolojia, aliniita nyuma ya maabara. Nilitembea polepole nikijiuliza ni kosa gani limejulikana, maana yalikuwa mengi. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya bonsai yake, mti wa kufugwa mdogo chunguni. Ilikuwa waridi la jangwani, mti mfupi ambao shina lake limevimba chini kama tumbo la mwakilishi wa wadi aliyechaguliwa mara ya pili. Aliuotesha mwenyewe kutoka kwa mbegu alipoletwa kufundisha Isiolo. Shule nzima ilijua kwamba unaweza kuazima pikipiki yake, lakini mti huo hata kuupulizia vumbi uombe ruhusa.

Alikuwa ameung'oa kwenye chungu. Mizizi ilikuwa imejisokota kama waya za spika za masikioni ukizitoa mfukoni, na mmoja mnene ulikuwa umeshuka chini moja kwa moja.

"Guyo, unaona nini hapa?"

"Naona mizizi ya kutia kwenye supu, Mwalimu."

Hakucheka. Alinieleza kwamba uzuri wa mti mdogo huanzia pale unapogusana na udongo. Jicho la mtu linapaswa kuona mizizi ikitoka shinani pande zote, ilale juu ya udongo, kisha izame taratibu, kama mguu wa ngamia unavyotanuka ukikanyaga mchanga. Mti usio na mizizi ya juu, alisema, unaonekana kama kijiti mtu alichochomeka jana. Na mizizi ya pembeni hainenepi kama huyu mmoja wa chini anakula peke yake. Basi akashika kisu, akaukata ule mzizi wa chini. Yakatoka maziwa meupe. Akanionya ni sumu, ninawe mikono.

"Sasa sikiza. Hiki ni kidonda. Uuning'inize kivulini, penye hewa, mpaka hapa chini pawe pagumu kama kigaga. Ndipo tutaupanda. Maji, hapana. Hata tone. Ukiunywesha sasa, utaoza. Mimi naenda nyumbani Meru, na huko ni mvua na ukungu, hautakauka. Kwenu Burat kuna jua."

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Walimu wenzangu wote wamenikataza nisikupe wewe. Nataka kuona kama wamekosea."

Mwanangu, niliupokea kwa mikono miwili. Hilo lenyewe lilikuwa jambo geni. Katika shule hii hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu chenye uhai nikitunze. Hata chaki nilikuwa napewa kipande kimoja na mtu wa kunichunga. Niliubeba ule mti mpaka nyumbani nikiwa nimeukumbatia, na wapiga soga wa stejini kwenye matatu walioniita mama mtoto sikuwajibu.

Nyumbani niliufunga kamba kiunoni, nikauning'iniza kwenye boriti ya kibanda cha nje, mizizi ikielekea chini. Kibanda hicho ni ufalme wa Akko, yaani nyanya yangu. Hapo ndipo anaposwali, anapokunywa chai, na anapotoa maoni kuhusu kila mtu anayepita njiani. Aliutazama mti. Akanitazama mimi.

"Guyo, huyu amefanya nini?"

Sasa hapa, mwanangu, tega sikio. Swali lilikuwa la kweli, na jibu la kweli nilikuwa nalo. Lakini mimi ndimi mimi.

"Akko, alitoroka shule. Yuko kwa adhabu. Hakuna maji mpaka aseme wenzake ni nani."

Nikacheka peke yangu. Akko akajifunika mtandio, akageukia chai yake.

Siku zikaenda. Asubuhi nilikuwa nasoma kidogo, jioni naenda mpira, na nikirudi naona mti uko palepale, nami nasema moyoni, tazama mtu anayeaminika. Mpaka mchana mmoja nikiwa nimelala kwenye mkeka chini yake, kitabu cha hesabu kimenifunika uso, nikasikia tone. Halafu lingine. Mvua haikuwapo Burat kwa muda ambao hata mbuzi walikuwa wameisahau. Nikainua macho. Mizizi ilikuwa inachuruzika.

Nikaushika pale kidondani. Kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi, na harufu yake sitaki kukusimulia.

"Akko! Nani amegusa mti?"

"Mimi. Nimemnywesha."

"Umemnywesha?"

"Kila swala. Maji yanabaki kwa birika nikishatawadha. Naweka karai juu ya stuli, anaingiza miguu, anakunywa. Nikisikia unakuja, natoa karai, usije ukamnyima."

"Akko, umeniua!"

"Usinipigie kelele kama unafukuza mbuzi." Hakuinua sauti yake hata kidogo. "Mimi nimechunga mifugo kwa ukame huko Biliqo. Nimeona ng'ombe amelala upande, ulimi nje, na mimi sina kitu kwa kibuyu. Nilikuuliza huyu amefanya nini. Wewe ukasema adhabu. Hata mbuzi wa kuchinja anapewa maji kwanza. Ulitaka nikae hapa nikunywe chai, na kitu hai kinakauka juu ya kichwa yangu?"

"Nilikuwa nafanya mzaha tu."

"Haya. Mwambie huyo mti ulikuwa mzaha. Tuone kama atacheka."

Yeye ndiye aliyenipa simu. "Pigia mwalimu wako. Mwambie ukweli, na usiweke sukari."

Nikampigia, nikamweleza yote, hata ule mzaha wa mti kutoroka shule. Upande wa pili niliisikia mvua ya Meru ikipiga mabati. Kisha akasema, "Kata. Pitisha kisu kwenye moto, kata kipande chembamba, tazama. Ukiona rangi ya kahawia, kata tena. Usiache hata doa. Lakini Guyo, kuoza kukifika juu ya ile mizizi ya pembeni, basi. Hakuna mti tena."

Akko akashika shina kwa mikono miwili kama anayemshikilia mtoto wa kuchanjwa. Nikakata. Kahawia. Nikakata tena. Kahawia, ingawa imepungua. Kila kipande kilichoanguka kilinileta karibu na mizizi ya pembeni, mpaka ikabaki nafasi nyembamba kama ukucha. Niliona sura za walimu wote waliomkataza Mwalimu Kinoti, wamejipanga wakitikisa vichwa.

"Kata," Akko akasema. "Mkono ukitetemeka ndio utaharibu."

Nikapitisha kisu. Kipande kikaanguka. Pale chini palikuwa peupe, pasipo doa, pagumu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, hapakubonyea. Nikabonyeza tena, maana sikuamini.

"Ni safi?" Akko akauliza.

"Ni safi."

"Alhamdulillahi." Akaketi chini palepale, nami nikaketi, na tukacheka mpaka mtandio wake ukamwanguka. Wallahi mwanangu, nimewahi kupita mtihani wa hesabu, nimewahi kukosa kukamatwa na mwalimu wa zamu, lakini pumzi kama ile niliyoitoa siku hiyo sijaitoa tena. Akko akaleta majivu makavu, akampaka pale alipokatwa, jinsi anavyopaka kidonda cha mbuzi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa askari. Jirani akipita na kikombe mkononi anaulizwa anakipeleka wapi.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Kinoti alikagua chini, akagongagonga kwa ukucha. Hakunisifu. Aliniambia nimpe kipande cha taili ya sakafu, tukauketisha mti juu yake ndani ya chungu bapa ili mizizi isiwe na njia ya kushuka. Tukaitandaza pande zote, tukaibana kwa vijiti vya mishikaki, tukaifunika kwa udongo wa mchanga. Nilipokuwa nanawa mikono akasema, "Mwaka ujao utauinua tena. Wewe, si mimi." Kisha akaenda darasani kama mtu ambaye hajasema kitu.

Basi, mwanangu, mizizi haina haraka, nawe usiwe nayo. Kila unapohamisha mti, uinue kidogo tu, na ile ya juu uifunue kwa kiasi, maana jua letu likiikuta uchi kwa ghafla linaichoma. Mzizi unaopinda kwenda chini, ukate. Inayopishana, itenganishe ikiwa bado laini. Kidonda kikiwa kibichi, kiache kikauke, hata kama moyo unakuambia umwage maji. Na mzaha fanya, mimi siwezi kukukataza, lakini mtu akikuuliza jambo kwa moyo wake wote, mpe kwanza jibu lenyewe, ndipo mcheke wote wawili. Aliye karibu na mti ajue mti unataka nini. Ukiharibu, piga simu mapema.

Nenda sasa, vyungu vinakungoja. Mungu akupe mkono usiotetemeka na mtu wa kukushikia shina unapokata. Akufikishe penye weupe kabla kisu hakijamaliza mti. Na watakaokabidhi vitu vyao mikononi mwako, Mungu awape usingizi mzuri.