Bana Pumzi, Usijibu

Mke wangu hajawahi kumwacha mtu aliyemsalimu bila kumjibu vizuri. Hapa Kagongwa husimama na kila muuza mpunga amuulize habari za watoto, na mara nyingi misa huanza sisi tukiwa bado njiani. Sikujua kwamba wema huo ungetuponza Mwanza, kwenye kipimo cha moyo.

Alikuwa anabanwa kifua kila akibeba ndoo ya maji. Daktari akataka kuona mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mke wangu angelazwa ndani ya mashine ya MRI, achomwe dawa mkononi ya kuing'arisha mishipa hiyo kwenye picha, naye abane pumzi kila atakapoambiwa. Picha zisipoonekana, ingebidi kupitisha waya kwenye mshipa wa nyonga hadi moyoni. Waya huo aliukataa tangu mwanzo.

Niliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo na mpiga picha, kijana wa Kisukuma mwenye adabu, aliyemwita kila mama "mayu". Dawa ilipoanza kuingia, akasema kwenye kipaza sauti, "Pole, mayu. Sasa vuta pumzi, ubane."

"Asante, mwanangu, nimeshapoa. Na wewe pole na kazi."

Picha ikatoka na ukungu.

"Samahani, mayu. Ukibana pumzi, usijibu."

"Haya, baba, sijibu tena. Kwenu ni wapi?"

Kijana akanigeukia. "Mzee, dawa haikai sana mwilini. Ikiisha nguvu, leo tumekosa."

"Basi acha kumpa pole. Mwamuru."

"Nimwamuru mtu wa umri wa mama yangu? Mwamuru wewe."

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, lakini kumwamuru mke wangu sikuwahi kujifunza. Nikaomba moyoni, nikasogea kwenye kipaza sauti.

"Vuta pumzi. Bana. Kimya."

Akanyamaza. Kwenye kompyuta mishipa ikatokea, myeupe, imeukumbatia moyo wake pande zote. Nikabaki kuitazama hadi kijana aliponigusa bega.

"Mzee, mwambie apumue."

Alitoka amenuna. "Nani kakutuma kunifokea mbele ya watu?"

Baadaye daktari alituonyesha mahali pamoja palipobana kidogo. Vidonge vingetosha, waya haukuhitajika. Mke wangu akaomba aonyeshwe tena picha ya mishipa.

"Kumbe hii ndiyo imenilisha siku zote," akasema, "na sijawahi kuishukuru."

Akafumba macho palepale, akaanza kusali. Daktari akaweka kalamu mezani, akasubiri.