Picha ya Baba Mkwe Ukingoni

Napenda kupiga picha milima kwa sababu mlima hauniombi niupunguze mashavu. Mjini Sumbawanga nina kibanda cha picha, na kila anayeingia, awe amekuja kwa pasipoti, kipaimara au mahafali, anataka atoke amekuwa mwingine. Mlima husimama ulivyo. Kazi yako ni kuusubiri, maana mlima uliokaa kimya asubuhi nzima unaweza kubadilika ghafla. Wingu linapasuka, ng'ombe wanatokea kwenye kilele ambako hukujua kuna njia, na kama hukushika kamera umekosa. Nimekosa nyingi. Nilizopata huwa nawauzia wenye hoteli na maofisi, na mwaka mmoja mfanyabiashara fulani alizichapisha kwenye kalenda.

Tangu niolewe, milima ya safarini niliipiga nikiwa nimetazama nyuma, na sababu yake ni ndoa yangu. Mume wangu ni Mnyakyusa. Baba yake alikuja huku kutoka Mbeya akiwa afisa mifugo, akastaafu, akajenga, akabaki. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sina maana kwamba hawapatani, hawaonani kwa macho. Wanyakyusa wengi siku hizi wameshalegeza, wanakaa na wakamwana zao sebule moja wanatazama mpira. Huyu wangu hakulegeza hata kidogo. Akikohoa mlangoni, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Tukikutana uani, mimi najifunika kanga na kugeukia ukuta, naye anatazama juu kama mtu anayekagua bati. Nilimjua kwa viatu na kwa kikohozi chake. Yeye alinijua kwa mgongo.

"Ni heshima tu," mume wangu alikuwa akisema. Mimi ni Mfipa wa Chala, nimelelewa kupiga magoti na kupiga makofi mbele ya wakubwa, nikaona heshima haijawahi kumuua mtu. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akipitisha maneno kati yangu na mzee. Alipofariki, maneno yakawa yanapita kwa mume wangu, naye akawa anapitisha yale aliyoyataka.

Kwa hiyo tukisafiri wote watatu, mzee alikaa mbele na mwanawe, na mimi nilikaa nyuma ya pikapu, kati ya matenga matupu ya samaki, mgongo nimeuegemeza kwenye kibini cha dereva. Kile kidirisha cha nyuma mume wangu alikiziba ili mzee asije akageuka bahati mbaya akaniona. Unajua alikiziba na nini? Na ukurasa wa kalenda yangu mwenyewe, mlima wa Mbizi na ukungu wake. Alidhani nitafurahi. Nami, mjinga, nilifurahi.

Safari ninayoikumbuka hapa ilikuwa ya Kabwe, ambako mume wangu hununua migebuka na dagaa. Aliniambia rafiki yake wa biashara ana shughuli ya posa, twende nikapige picha, na mzee naye atakuja kubadilisha hewa. Nilifunga lenzi zangu kwenye sweta. Tulipopita Chala niliona ulezi wa kwetu umeiva mlimani, na paa la nyumba ya mama yangu likiwa linang'aa. Niligonga kibini tusimame hata dakika moja nimsalimie. Gari likaongeza mwendo.

Baada ya Namanyere barabara ikawa ya vumbi na mawe, na tulipofika juu ya mteremko wa kushukia ziwani, gari likachemsha. Mume wangu alishuka, akafungua boneti, akatukana kidogo, kisha akasimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita, akapanda na dumu lake kwenda kutafuta maji. Akanipigia kelele kutoka kwenye pikipiki: "Wewe kaa mbali na mzee!" Kana kwamba kuna siku niliyokaa karibu.

Nikachukua kamera, stendi na chupa yangu ya chai, nikapanda kilima kidogo cha mawe kilichokuwa upande wa pili wa barabara. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa tano, ya kuingia mpaka kwenye meno. Ziwa halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na wingu zito, jeupe, limejaa bonde zima hadi kwenye ukingo wa mlima. Kanga yangu niliitundika kwenye kichaka, nikabaki na sweta na kilemba, nikafunga lenzi ndefu, nikaanza kusubiri.

Wingu likapasuka. Lilipasuka katikati, mwanga ukashuka kwenye ukingo, na chini yake ziwa likajitokeza, la buluu ya kutisha. Nikaanza kubonyeza. Hapo ndipo mtu alipoingia kwenye picha. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeusi, anatembea kwenye nyasi za ukingoni, na upepo unalipeperusha koti lake. Akanyoosha mikono yote miwili kama anayelipokea ziwa. Mpiga picha anaweza kuzeeka asipate kitu kama kile. Nikabonyeza tena na tena, na nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha tupu.

Kisha akageuka upande wangu na nikauona uso wake kwenye lenzi. Ulikuwa uso wa mume wangu, uliozeeka. Mdomo ulikuwa wazi na jasho linamtiririka katika ule ubaridi, na nikaelewa kwamba hakuwa akipokea chochote. Alikuwa anapepesuka, anatafuta pa kushika.

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Imetundikwa kwenye mapokezi ya hoteli moja mjini, na wageni hupiga nayo selfi. Husema, tazama babu anavyoshangilia.

Alianguka hatua chache kutoka kwenye ukingo. Mwiko niliukumbuka, sitadanganya, ulinishika miguu nikasimama pale juu kama mtu aliyesahau alichokuwa akikifuata. Halafu nikaiacha kamera kwenye stendi na kukimbia na chupa ya chai. Nilijua kinachomsumbua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia miaka yote, mimi ndiye niliyekuwa nikimtengea chai isiyo na sukari kwa sababu ya ugonjwa wake, na asubuhi ile alikuwa amechoma sindano yake akaondoka bila kula vizuri. Sukari ilikuwa imemshuka. Chai yangu mimi hunywa tamu, ya kugandisha midomo. Nikamvuta kutoka ukingoni kwa kwapa, nikamlaza kichwa kwenye mapaja yangu, nikamnywesha kidogo kidogo kwenye kifuniko.

Nilikuwa nimemshika baba mkwe kichwa.

Baada ya muda macho yake yakatulia. Akanitazama usoni, sawasawa, wala hakushtuka. Nikasubiri anisukume. Badala yake akatabasamu.

"Ndaga fijo, mama," akasema. "Kwetu ndiyo asante sana. Wewe ni wa hapa hapa?"

Hakunijua. Angenijuaje, mwenyewe nikawaza, mtu ambaye ameona kisogo tu?

"Ndiyo mzee," nikasema. "Wa hapa hapa. Kunywa kwanza."

"Mungu amekuleta. Watu wa kwenu mna huruma." Akanywa. "Sasa nikuombe kitu. Mkamwana wangu yuko hapo nyuma ya yale mawe. Usimwite. Asinikute hivi."

"Simwiti."

"Una watoto, mama?"

"Ninao," nikadanganya.

"Basi mshukuru Mungu. Huyu wetu hana. Miaka yote hiyo, hakuna kitu. Kazi yake kupanda milimani kupiga picha mawe." Akacheka, kicheko cha upole, cha mtu anayeongea na mwenzake. "Mimi sina ubaya naye. Ni mtulivu, anapika vizuri. Lakini mwanangu ni mwanamume, atakaa hivyo mpaka lini? Nikamwambia tafuta. Ametafuta. Kuna binti wa watu hapo Kabwe, ndiko tunakokwenda leo kutoa posa."

Nilikuwa bado nimekishika kichwa chake. Nakumbuka mvi zake zilikuwa laini kama za mtoto.

"Na huyo mkamwana?" nikauliza. "Anajua?"

"Hajui. Atajua leo."

"Mbona mmemleta, mzee?"

"Hata mimi nilimuuliza mwanangu hivyo. Akasema, baba, picha zitahitajika, na mpiga picha wa kukodi ni gharama. Halafu akasema akiona mambo mbele za watu, hataweza kupiga kelele mbele ya mkwe wake. Atanyamaza, na tutakuwa tumemaliza. Kule wameshaambiwa mke wa kwanza aliondoka zamani, huyu watamjua kama mpiga picha tu." Akashusha pumzi. "Ana akili, kijana wangu."

Huyu mtu hakuijua sura yangu lakini tumbo langu alilijua na ukimya wangu aliujua, na vyote alikuwa amevipigia hesabu. Nilimchukia pale pale, huku namfuta jasho. Ukingo ulikuwa karibu. Sitasema zaidi ya hapo. Nilimfunga vifungo vya koti, nikamwinua, nikamsindikiza mpaka karibu na gari, akaniombea dua ndefu kwa jina la Yesu, nikaitikia amina.

Mume wangu aliporudi na maji, nilikuwa nimeshapanda kuchukua kamera na kanga yangu, niko nyuma ya pikapu nimejifunika. Wala hakunitazama. Ningeweza kubaki pale mlimani, wangefika Kabwe bila kujua. Lakini miaka yote nilikuwa nikiambiwa maneno na mtu asiyeniambia yote, na nilitaka mara moja tu nimwone anasema nini akiwa hana pa kuyaficha. Tukateremka. Nililia njia nzima, kwa sauti, kwa sababu injini ilikuwa inaunguruma na hakuna aliyesikia.

Nyumba yenyewe ilikuwa karibu na mwalo wa wavuvi, ina bati jipya, na dagaa wameanikwa mpaka kwenye ngazi. Mume wangu akaja upande wangu, sura yake tamu.

"Subiri hapa nyuma, mama watoto," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani aliouona mzuri. "Wakimaliza mazungumzo nitakuita upige. Ujifunike vizuri, baba yuko ndani."

Nikamjibu sawa. Nikahesabu nguo zao zikipotelea mlangoni, shati lake jipya, koti jeusi la mzee. Nikaiweka kamera chini ya matenga. Nikaivua kanga, nikaikunja, nikaiacha juu ya tairi la spea. Kisha nikapita mlango wa mbele.

Sebule ilijaa wazee wa pande zote, na binti amekaa mkekani na shangazi zake. Msichana wa kawaida, mwenye macho ya aibu, hana kosa lolote. Mume wangu aliniona kwanza. Alinyanyuka nusu, akakaa tena. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, uso wazi, nikapiga makofi yetu ya Kifipa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, maraha—" Akashika magoti yake, uso wote ukamchanua. "Huyu ndiye! Jamani, huyu ndiye mama niliyekuwa nikiwasimulia sasa hivi! Umefikaje huku, mama?"

"Nimepata gari, mzee."

"Bila mama huyu," akawaambia wenyeji, "leo mngekuwa mnapokea maiti, si posa. Aliniinua kwa mikono yake mwenyewe." Watu wakashangaa, wengine wakanipigia makofi. Akamgeukia mwanawe. "Wewe, mbona umekaa? Inuka umshukuru huyu mama!"

Nikamtazama mume wangu. Sikutaka kelele wala aibu ya mtu. Nilikuwa nimemletea nafasi mpaka miguuni. Ilikuwa ni kusema tu, baba, huyu ni mke wangu, na mimi, pamoja na yote niliyoyasikia mlimani, najijua, ningemsamehe pale pale sakafuni. Nilikuwa bado nampenda. Akamtazama baba yake, akamtazama binti, akawatazama wazee wa binti. Mimi alinitazama mwisho.

Akainuka. Akaja mpaka nilipokuwa, akainama kidogo kama mtu mwenye adabu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, mama," akasema. "Mungu akubariki. Unaitwa nani vile?"

Mkono wake ulikuwa mkavu. Yule binti akasogea mkekani kunipisha nafasi karibu yake, akauliza kwa sauti ndogo kama ningependa soda ya baridi au ya moto.