Mbwa kwenye hori ya ng'ombe

Leo jirani kaniita mbwa, na mimi nimemshukuru.

Sina gari. Lakini pakingi yangu hapa Okolona, Marekani, nimeiwekea kiti, mtu asiiguse. Mama Mmarekani wa ghorofa ya juu anaegesha mbali, anafika nyumbani amelowa mvua.

Leo kaniambia hiyo ni tabia ya "dog-in-the-manger."

Nilisikia "dog" tu, yaani mbwa. Bon, nikawaka.

Binti yangu akacheka, akanieleza. Ni hadithi ya kale: mbwa kalala kwenye hori ya ng'ombe. Yale majani hayali, na ng'ombe akisogea anambwekea.

Mimi niliyechunga ng'ombe kule milimani, nikashuka mpaka pakingi.

Nikaondoa kiti, nikapanda ngazi kumwambia asante. Kesho ananipeleka kazini.

Na wewe, umelalia majani ya nani?