Mzee Mrisho na Kisima Kilichogeuzwa

Mzee Mrisho amechimba misingi ya maghorofa ya Kariakoo miaka thelathini na moja, na hana ghorofa hata moja. Anakaa Magomeni, chumba na sebule, na asubuhi anavuka Jangwani kwa miguu. Nilimchukua anichimbie msingi wa ghorofa la duka langu kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini. Nimebaki naye kwa sababu anausoma udongo kama mimi ninavyomsoma mteja.

"Juu hapa zege la juzi, Mama," ananiambia kutoka shimoni. "Chini yake vigae vya Mhindi. Halafu mkaa, watu walipika hapa. Chini kabisa mchanga wa pwani, haujui mtu."

Serikali imehamia Dodoma. Kariakoo hatujahamisha hata meza.

Jumatatu akaibuka na jiwe lenye mifereji ukingoni. "Hizi ni alama za kamba. Ndoo zimepanda na kushuka hapa miaka. Kiwanja chako kina kisima, na kimefukiwa kwa takataka. Ukikisimamishia nguzo, itazama."

Aaron, injinia wangu, akacheka. "Mzee, kila jiwe la Kariakoo lina hadithi. Sisi tuna ratiba."

Zege lilikuwa linakuja Jumatano asubuhi. Mrisho akachimba nyuma, maana nyumba ya Kiswahili ua wake uko nyuma, na kisima kiko uani. Jumanne alasiri shimo lilikuwa limemmeza mpaka kofia, na kisima hakuna.

"Mzee wangu, nakupa mpaka magharibi," nikamwambia. "Usipokipata, tunamwaga, na kazi nampa mwingine."

"Sawa, Mama. Ila nguzo ikizama usiniite."

Hakubembeleza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anayebahatisha hubembeleza. Nikampigia Bi Hind, aliyezaliwa kwenye nyumba iliyokuwa hapo na kuniuzia kiwanja.

"Shikamoo, Bi Hind."

"Marahaba, Candida. Umeshahamia?"

"Wapi, bado nachimba. Hivi kwenu kulikuwa na kisima?"

"Kilikuwepo. Mie sikukiona, walikifukia kabla sijazaliwa. Bibi akisema kilikuwa uani."

"Uani tumechimba, hakuna kitu."

"Uani upi? Huko nyuma?" Akacheka mpaka akakohoa. "Huko ndiko kulikuwa barazani, mwanangu! Babu alikuwa na duka. Watu walipoanza kupita mtaa wa pili, upande wa uani, akaziba mlango wake, akafungua mwingine kwenye ua. Wateja wako kule, yeye abaki huku amuuzie nani?"

Nikajiona mjinga. Mimi mwenyewe nimehamisha biashara mara tatu kufuata wateja. Ningepaswa kujua kwamba mji huu hugeukia wanunuzi wanakopita.

"Mzee! Toka huko! Kiko mbele!"

Mrisho akaenda mbele, pale pale Aaron alipopigilia kigingi cha nguzo ya kwanza. Akapiga mtaimbo. Mara ya nne ukazama hadi viganjani. Akafukua taratibu: duara la matumbawe, ndani chupa, makopo na kiatu cha mtoto.

Aaron akatazama, akafungua mchoro wake, akafuta. "Nguzo inasogea. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Asubuhi ulisahau."

Nikapiga simu zege lisije. Nikadhani tumemaliza, kumbe Mrisho naye alikuwa na bei yake.

"Kisima hakifukiwi kikakosa pumzi, Mama. Tunakijaza mawe, na bomba la kupumulia litokeze juu."

"Mbele ya duka langu? Hapo kila inchi inauza! Lipeleke ngazini."

"Ngazini watalikojolea."

"Pembeni basi."

"Kisima hakiko pembeni."

Nimewahi kuvutana bei na wafanyabiashara wa Lubumbashi mpaka wakaniita mchawi. Mzee huyu nilimvuta mpaka adhana, hakusogea hata kidogo. Bomba litakuwa mlangoni, mkono wa kulia. Nilichoambulia ni kimoja tu: lisizidi goti.

"Goti la nani?" akauliza, akinipima kwa macho, maana mimi ni mfupi.

"Langu," nikasema, na akakubali.