Plau ya Mama Ndani ya Injini

Juzi, kwenye gereji moja ya Sirari, niliona supachaja ikifungwa kwenye gari kuukuu. Harufu ya oili na chuma kilichoungua ikanirudisha nyumbani Itiryo, mchana ule ambao mama nusura ammeze baba pamoja na viatu vyake.

Baba alikuwa amenunua supachaja ya gari lililokufa ili pikapu yake ipate nguvu ya kupanda mlima. Hakuwa na chuma cha kuishikilia kwenye injini, basi akaikata plau ya mama, siku moja kabla ya kulima, akampa fundi aichomelee.

"Baba Bhoke, kesho nitalima kwa meno yako?"

"Hii inaipulizia injini hewa, mama! Tulia uone."

Mimi nilijua kitu kikipuliziwa hewa huvimba, kwa hiyo nilikaa mbali nikisubiri pikapu iwe kubwa kama basi. Ilinguruma hadi kuku wa kata nzima wakakimbia, ikaruka hatua tatu, mkanda wa supachaja ukakatika, ikazima.

Mama alienda zizini. Alileta maksai wetu wawili, akafunga mnyororo wao kwenye bampa.

"Kaa kwenye usukani," akamwambia baba. "Plau yangu imo humo. Utaitolea shambani."

Njia nzima aliwachapa maksai huku akimtazama baba.

Kwa miaka mingi niliamini supachaja ni maksai wawili. Juzi nilijizuia sana nisimwulize yule fundi wa Sirari maksai wake amewafunga wapi.