Aliyemwitikia Bi Aldous

Mwanamkuu Talib alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na kulelewa na bibi yake mzaa mama. Huku Thamesmead, London, watu wanamjua kwa mambo mawili: kazi yake ya kuhudumia wazee majumbani, na vugo. Waswahili wakiozesha London, yeye ndiye hutangulia kuimba, wenzake wakigonga pembe za ng'ombe na kuitikia. Nyimbo hizo alizipata mdomoni mwa bibi. Hazijaandikwa popote, na kila aliyetaka kuzirekodi kwa simu aliambiwa angoje, kwa sababu bibi hakupenda zisikike mahali asipokuwapo mwimbaji. Mjini hapa hakukuwa na mwingine aliyezijua.

Bibi alimfunza pia adabu ya kuitika. Mkubwa wako akiitwa naye hakusikia, wewe mdogo uitikie kwa niaba yake, useme, "Abee, yuaja," ili mwitaji asisimame mlangoni akidhani amepuuzwa. Lakini magharibi, jua linapozama, usimwitikie mtu usiyemwona. Mwanamkuu alizishika adabu zote mbili, na kwa miaka mingi hazikuwahi kugongana.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, alipangiwa shifti ya mchana kwa Winifred Aldous, mwanamke aliyepita miaka tisini, ambaye hakuwahi kuolewa, aliyeishi peke yake Lewisham katika nyumba nyembamba nyuma ya hospitali. Mwanamkuu alimwita Bibi Winnie. Walipatana upesi. Wote wawili walipenda chai nzito na hawakupenda televisheni.

Kuta za ukumbini zilijaa picha za mama yake Bibi Winnie, Lottie Aldous, aliyekuwa nyota wa jukwaani zama za Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku zile London ilikuwa na mtindo wa maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho, kipande baada ya kipande, bila hadithi moja ya kuviunganisha. Wimbo ukipendwa, uliuzwa kwenye karatasi yenye sura ya mwimbaji, watu wakaupiga kwenye piano nyumbani kwao. Katika karatasi moja Lottie amesimama kwenye stesheni ya treni, amevaa glavu za manjano, shingo imegeuka nyuma kana kwamba ameitwa sasa hivi.

Bibi Winnie alikuwa na gramafoni iliyokuwa ikifanya kazi bado. Santuri zilikuwa chache, na sauti ya mama yake ilitoka ndogo na ya mbali, kama mtu anayeimba ndani ya bati. Bibi Winnie aliwajua nyota wote wa wakati ule: nani aliimba amevaa suti ya kiume, nani alirushiwa maua jukwaani kisha akafa kwenye chumba cha kupanga bila wa kumfumba macho. Mwanamkuu alipenda kusikiliza. Mwanamke mmoja mbele, kundi nyuma likimwitikia. Akasema hilo ni vugo, zimekosekana pembe tu.

Jambo moja tu lilimshangaza. Ukimwita Bibi Winnie kutoka chumba kingine, hakuitika. Ilibidi uende ukasimame mbele yake. Mwanamkuu alidhani masikio yamechoka.

Kisha Oktoba ikaisha, saa zikarudishwa nyuma kama ifanywavyo huku kila mwaka, na magharibi, ambayo kiangazi humkuta Mwanamkuu nyumbani kwake, ikaanza kuingia akiwa bado kazini. Alasiri moja, jua likizama, alikuwa jikoni akiosha vikombe. Bibi Winnie alikuwa amesinzia kwenye kiti chake sebuleni. Ikasikika hodi ukumbini, kisha sauti ya kijana, ya adabu, ya mtu mwenye haraka: "Bi Aldous!"

Mwanamkuu alidhani ni wa duka la dawa. "Abee, yuaja!" akasema, Kiswahili kikimtoka kabla ya Kiingereza. Akafuta mikono, akatoka. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa na mnyororo upo mahali pake. Ndipo alipokumbuka kwamba hodi haikubishwa nje. Ilibishwa mlango wa sebule, upande huu wa ndani, pale aliposimama.

Kwenye basi la kurudi nyumbani alikaa na Mumbi, mhudumu mwenzake, mtu wa Nyeri. Mumbi akamgusa kiwiko.

"Umeanza kuimba za Wazungu, Mama Natasha? Huo ni wimbo gani, kama wa nyanya zao?"

Mwanamkuu hakujua kuwa alikuwa akiimba. Ulikuwa wimbo wa msichana anayengoja treni iliyobeba askari, aliyevaa glavu za manjano ili mpenzi wake amtambue kwa mbali. Aliujua wote, mwanzo hadi mwisho, na hakukumbuka kuusikia popote.

Usiku ule alitaka kufanya mazoezi na binti yake Natasha, maana mwezi wa Desemba kulikuwa na harusi Barking, Abdulwakil wa Kisauni akimwoza binti yake. Akafungua kinywa kwa wimbo wa kumtoa biharusi ndani. Lahani ilikuja. Maneno hayakuja hata moja. Natasha, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, alimwambia amechoka tu, akalale.

Haukuwa uchovu. Mwito ulirudi jua lilipozama kesho yake, na safari hii Mwanamkuu alifumba mdomo kwa makusudi, lakini "abee" ikapanda yenyewe kooni kama kikohozi. Kila alipoitika, aliondoka Lewisham na wimbo mmoja mpya wa Kiingereza, na alipofika nyumbani alikuta wimbo mmoja wa bibi yake haupo. Alimwambia Mumbi, kwa kuwa lazima umwambie mtu.

"Nyinyi watu wa pwani," Mumbi akasema. "Hilo jini lenu lilipata viza lini?"

"Si letu. Nimelikuta hapa hapa, lina makaratasi yake."

Mumbi alicheka, kisha alipomtazama usoni akaacha. Akamshauri aombe ofisi wambadilishie nyumba. Mwanamkuu alilifikiria. Lakini nyimbo zilizochukuliwa zilikuwa ndani ya nyumba ile, na aliona kwamba akiihama atakuwa ameziacha humo.

Siku moja Bibi Winnie alimsikia akiimba chini kwa chini huku akikunja shuka. Akaweka kikombe chake mezani.

"Nani amekufundisha huo? Mama hakuwahi kuutia kwenye santuri."

Mwanamkuu akamweleza yote, hata adabu ya kuitikia kwa niaba ya mkubwa na ile ya kutomwitikia usiyemwona. Naye Bibi Winnie akasimulia. Katika majumba yale ya maonyesho palikuwa na kijana wa kupita milangoni mwa waimbaji, akibisha na kuita jina, na aliyeitika alikuwa amekubali kupanda jukwaani. Mchana mmoja kijana alimwita Lottie Aldous. Lottie alikuwa akigombana na mpenzi wake nyuma ya pazia, akapuuza. Msichana wa akiba, Ivy, aliyejifunza nyimbo zote ili asimame mahali pake siku akiugua, akaona haya kumwacha kijana mlangoni. Akaitika, "Anakuja." Lottie hakuja. Ivy akavaa nguo zake na glavu zake, akapanda, akaimba, na akishuka ngazi za jukwaani akaanguka. Hakuamka.

"Mama hakuimba tena," Bibi Winnie akasema. "Na kijana hakuacha kuita. Mama alisema mwito ukiitikiwa na asiye wake, haukomi. Alinifunza nisimwitikie mtu nisiyemwona. Kumbe na kwenu mnajua."

"Twajua," Mwanamkuu akasema. "Na mwenyewe akiitika?"

Bibi Winnie alitazama mikono yake. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na jina la Aldous lilikuwa limebaki kwa mtu mmoja tu. Mwanamkuu aliliona hilo wakati ule ule, akajuta kuuliza. Humwombi mzee akuitikie kitu kama kile. Akaanza kuzungumzia chakula cha jioni.

Kabla ya harusi ilibaki shifti moja. Wimbo wa bibi yake uliomsalia ulikuwa mmoja, ule wa kufunga ngoma na kumkabidhi biharusi kwa mumewe. Alikwenda akiwa amejifunga mtandio mdomoni. Bibi Winnie aliutazama. Aliomba achanwe nywele, kisha akaomba rangi ya mdomo, ambayo Mwanamkuu hakuwahi kujua kuwa anayo. Mzee akaipaka mwenyewe.

Nje kulianza kuingia giza. Hodi ikaja, mlango wa sebule. "Bi Aldous!"

Mwanamkuu akauziba mdomo kwa viganja viwili juu ya mtandio. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mwache, mwanangu," Bibi Winnie akasema. "Aliyeitwa ni mimi." Akageuza uso kuelekea mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke ambaye hajazeeka. "Niko tayari. Naja mwenyewe."

Akashika mikono ya kiti akasimama, yeye ambaye tangu Aprili hakusimama bila kushikwa. Akapiga hatua kadhaa mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya ubao, akatabasamu. Mwanamkuu alifika kwa wakati wa kumpokea asianguke. Alipomlaza, pumzi ilikuwa imekwisha.

Ndipo akasikia maji yakimwagika jikoni, kwa nguvu, kama mvua juu ya bati. Alipiga simu ya ambulensi, kisha akaenda kuufunga mfereji. Mfereji ulikuwa umefungwa na sinki kavu. Sauti iliendelea kwa muda, na alipoisikiliza vizuri aliitambua: makofi, ya watu wengi mno kuenea nyumba ile. Ikapungua polepole, ikakoma.

Barking, ukumbi ulijaa. Waliokuwapo wanasema hawajawahi kumsikia Mwanamkuu akiimba vile. Nyimbo zilizochukuliwa zilirudi zote, mstari kwa mstari, na zile za Kiingereza hazikubaki hata moja. Natasha alirekodi kwa simu na safari hii mama yake hakumkataza. Ulipofika wakati wa wimbo wa mwisho, ule uliokuwa umemsalia, Mwanamkuu alifungua kinywa akakuta hamna kitu. Neno lilikuwa kwenye ulimi hodi ilipobishwa, na inaonekana mwitiko ulipita hata hivyo. Wanawake waliendelea kugonga pembe wakimtazama. Biharusi alikabidhiwa kwa mumewe kwa mlio wa pembe peke yake.

Wimbo ule haujarudi. Hizo nyingine anamfundisha Natasha kila Jumapili, nyumbani kwao Thamesmead. Ukienda kumtembelea, piga hodi na uwe na subira. Hata umwite jina lake mara ngapi, hataitika. Utasikia hatua zake zikija, mlango utafunguliwa kidogo, atakutazama usoni vizuri, ndipo atakaposema, "Abee."