Mashine ya Kusaga na Jirani Yangu Mwalimu

Barua ilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa nasaga mahindi ya mama mmoja aliyeyanunua sokoni Ngaramtoni. Aliyeileta ni mwenyekiti wa mtaa wetu, hapa Levolosi. Alisubiri nizime mashine, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jirani yangu amemwandikia diwani kulalamikia vumbi na kelele. Nakala ile ilikuwa yangu.

Jirani mwenyewe ni mwalimu mstaafu, Mmeru wa huko juu mlimani. Yeye na mumewe waliacha migomba na kahawa yao mikononi mwa watoto, wakashuka kuishi mjini. Kati yao na mashine yangu kulikuwa na ukuta mmoja tu wa tofali. Kila asubuhi nilikuwa namwamkia, naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mumewe sikumjua vizuri. Alikuwa mtu wa kukaa ndani, madirisha yamefungwa hata siku za jua, na mimi nilidhani ni maringo.

Nikasoma barua nimesimama. Unga unaingia kwenye vyombo vyake, unashika nguo kwenye kamba, mashine inatikisa ukuta hadi picha zinapinda. Yote yameandikwa kwa mwandiko safi wa ubaoni. Nilipofika chini ya ukurasa nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Ilikuja wakati mbaya. Mtaa ulikuwa kwenye mpango wa kuwekewa lami na mitaro, na madiwani walitakiwa kuamua biashara zipi zibaki katikati ya nyumba za watu na zipi zihamie eneo la viwanda vidogo. Leseni yangu ilikuwa inakaribia kuisha. Afisa biashara alikuwa ameshaniambia kwamba sisi wa mashine tusubiri uamuzi huo. Sasa wateja wangu ni wamama wanaokuja na debe kichwani. Nani angelibeba debe hilo hadi upande wa pili wa jiji? Tangu mume wangu afariki, mashine ile ndiyo iliyonisomeshea binti zangu wawili. Nikaona jirani yangu ameamua kunimaliza.

Kesho yake nilimkuta amesimama getini kwake. Nikapita nimeinamia simu kama simwoni. Mimi ni Mchaga, nimelelewa Rombo na bibi ambaye asingenipa chakula kama sijamwamkia, na bado nilimpita mtu mzima kimya. Nilifanya hivyo wiki nzima. Huku nyuma nikazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za wateja.

Kabla suala halijapelekwa kwenye baraza la jiji, diwani alituita wakazi kwenye ukumbi wa kata. Afisa mipango miji alikuwepo na ramani yake. Watu wangu walikuja wengi, na wengine walimtupia Mwalimu maneno. Mmoja alimwambia arudi mlimani akatafute utulivu huko. Sikumnyamazisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Diwani akauliza, "Mwalimu, una la kuongeza kwenye barua yako?"

Akasimama taratibu. "Sina la kuongeza, mheshimiwa. Yote niliyaandika. Ila nawasikia watu wakisema nimeomba mashine ifungwe, na mimi sikuomba hivyo. Jirani yangu anayo nakala. Namwomba atusomee upande wa nyuma."

Upande wa nyuma? Nikaitoa barua kwenye mkoba, nikaigeuza. Kweli, ilikuwa imeandikwa pande zote mbili.

Nilisoma kwa sauti. "Siombi mashine ifungwe wala jirani yangu anyimwe leseni. Ni mjane mchapakazi, na wanawake wa mtaa huu wanamtegemea. Mume wangu ana pumu, na tulihamia mjini ili tuwe karibu na hospitali. Naomba mlango wa mashine ugeuzwe utazame barabara, pawekwe kifaa cha kunasa vumbi, na..." Hapo nikaishusha barua. Mwenyekiti wa mtaa akaipokea karatasi, akamalizia.

Nilimgeukia Mwalimu mbele ya watu wote. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuja mara mbili, mwanangu. Mashine inanguruma, una foleni, ukanionyesha kwa mkono nisubiri. Nikasubiri, nikarudi zangu."

Nilitoka nilipokuwa nimekaa, nikaenda mpaka kiti chake, nikainama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema, akanishika mkono, akanivuta niketi karibu naye. Yule aliyemwambia arudi mlimani alianza kuangalia viatu vyake.

Siku chache baadaye afisa mipango miji alikuja kupima, na madiwani wawili wa kamati wakaja naye. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewatembeza, kwangu na kwake. Fundi akanigeuzia mlango, akanitengenezea sanduku la bati lenye mifuko mirefu ya kitambaa inayokamata unga usiruke. Baraza lilipokaa, tulienda pamoja, tukakaa viti vya nyuma. Walikubali mashine ndogo kama yangu zibaki, mradi zidhibiti vumbi na zifungwe jioni mapema. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano marefu, lakini jambo letu liliisha hata kabla ya chai.

Leseni mpya nimeitundika ukutani. Mzee, mume wa Mwalimu, siku hizi hukaa barazani asubuhi, na nimegundua ni mtu wa maneno mengi. Juzi aliniuliza mahindi ninayosaga yametoka wapi. Nikamwambia Kikatiti. Akasema alijua tu, kwa harufu, na akanishikilia hapo kwa maelezo ya udongo wa Kikatiti mpaka wateja wakaanza kuniita.

Wiki hii katapila la barabara limeingia mtaani. Mlima Meru hauonekani kwa vumbi, vumbi la kweli safari hii. Leo asubuhi Mwalimu aligonga dirisha langu, kitenge begani. "Zima mashine, mwanangu. Twende tukamwambie mkandarasi amwage maji." Nikazima, tukaongozana.